Jina Nililosema Halisomeki

Jumamosi, Agosti 2018. Johannesburg.

Upepo umevuma tangu asubuhi. Vumbi la vilima vya migodi limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Mume wangu amekwenda mazishini Soweto na koti langu zito, akidhani ni lake. Niko peke yangu mezani, nina jambo la kusema, na sina uso wa kumwambia mtu.

Namwonea wivu rafiki yangu Zaituni.

Si wivu wa gari wala wa mume. Ni wivu wa picha.

Tangu Juni, kila Jumamosi nakwenda mtaa wa Observatory kwa bibi mmoja Mjerumani, Bi Hannelore. Ana miaka themanini na minne, paka wawili, na albamu ya marehemu baba yake. Baba huyo alikuwa mwanajeshi wa Kijerumani kule kwetu Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza, na alitembea na kamera. Kabla albamu haijapelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka, Bi Hannelore anataka kila picha iandikwe ilipigwa wapi na waliomo ni akina nani. Yeye anausoma ule mwandiko wa Kijerumani wa zamani kwa kioo cha kukuzia, lakini majina yetu humshinda. Hapo ndipo naingia mimi, mwalimu wa Kiswahili pale Braamfontein. "Udjidji" ni Ujiji. "Ssongea" ni Songea, nyumbani. Siku nilipoliona hilo neno nilishika meza.

Ukweli ni kwamba sikwenda kumsaidia yeye. Nilikwenda kumtafuta mtu wangu. Babu wa baba yangu alikamatwa shambani wakati wa kupalilia, akatwishwa mzigo wa jeshi, hakurudi. Hana kaburi. Hakuna aliye hai anayejua alikuwa na sura gani. Baba yangu amekufa akiulizia.

Picha ya Songea ipo. Wapagazi wamepanga mstari wanapanda kilima, kila mmoja na sanduku kichwani, na wote wamepigwa kwa nyuma. Migongo na visigino. Chini pameandikwa neno moja tu, Bi Hannelore akanisomea: wapagazi. Nilivitazama vile visigino kwa kioo, kimoja baada ya kingine, kama vile kisigino kingeweza kunijua.

Kurasa mbili mbele, akatokea mwanamume amesimama peke yake, tarumbeta kwapani, anaitazama kamera bila woga. Maneno ya chini: Ferusi bin Kitwana, mpiga tarumbeta, Udjidji.

Nilimjua papo hapo. Rafiki yangu ni Zaituni Feruzi, mzaliwa wa Ujiji, mwenye saluni Yeoville. Kwa miaka ishirini nimemsikia akijigamba kwamba babu yake Feruzi ndiye aliyekuwa akiwaamsha askari wa Mjerumani kwa tarumbeta. Tulikuwa tunamcheka. Kila Jumamosi yeye ndiye hunishusha kwa Bi Hannelore, na hajawahi hata kuingia ndani. "Picha za wafu nakuachia mwenyewe," husema, anaondoa gari.

Bi Hannelore alilipata lile neno la tarumbeta. Jina likamshinda. Akaniuliza, "Hapa unasomaje?"

Nikasema, "Wino umefifia. Halisomeki."

Akaniamini. Nikaandika kwenye daftari kwa mkono wangu mwenyewe: askari, jina halijulikani.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Katika hizo wiki tatu nimejitetea sana. Nimejiambia kwamba Feruzi alikuwa na sare na mshahara, wakati wa kwetu alikuwa na kamba begani. Huenda tarumbeta hiyohiyo ndiyo iliyomwinua wa kwetu alfajiri abebe tena. Kwa nini aliyeburutwa akose hata uso, na aliyekuwa upande wa waburutaji apate uso, jina na mji? Hoja nzuri. Ningeweza kuisimamia mbele ya darasa.

Lakini sikumficha kwa hoja. Nilimficha kwa sababu mimi ndiye niliyetafuta, na mwenzangu, asiyetafuta, ndiye aliyepata.

Leo asubuhi tulisimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani; nyekundu ilikuwa imewaka. Zaituni akasema, macho yakiwa barabarani, "Jicho la kulia la Baba nalo limezima, Mama Lindiwe. Tangu Jumatano. Sasa ananijua kwa sauti tu."

Baba yake yuko Ujiji, ana miaka karibu tisini. Ni mtoto wa mwisho wa Feruzi. Feruzi alifariki mtoto huyo hajaanza kutembea. Hajawahi kuiona sura ya baba yake.

Taa ikawaka kijani. Sikumbuki tulipitaje barabara iliyobaki.

Tulipofika getini nikamwambia, "Zima gari. Ingia ndani."

Nilifungua albamu mwenyewe. Nikaweka kidole chini ya jina. Zaituni alisoma maneno ya chini polepole, herufi kwa herufi, kisha akaifunika kofia ya yule askari kwa kidole ili auone uso vizuri. Nilitegemea alie. Akacheka! "Huyu si kaka Saidi? Mtazame! Kaka Saidi mtupu!" Bi Hannelore, ambaye hajui neno la Kiswahili, akaanza kulia badala yake.

Wivu ulinipanda upya. Nilitamani ile picha iwe ya mtu mwingine yeyote duniani.

Zaituni akaipiga kwa simu, akaituma Ujiji, akapiga. Mpwa wake akampa mzee simu.

"Baba, nimemwona baba yako."

Ikaja sauti ya mzee, tukiisikia sote: "Masikio yake yakoje?"

"Yamesimama kama yako."

"Nieleze vyote. Anza juu."

Akaanza juu. Paji la uso, nyusi, pua, mwanya. Nilikwenda jikoni na daftari, nikakata maneno yangu na kuandika jina kamili kwa wino mweusi.

Tulipotoka nikamwambia kabla hajawasha gari. Nilisema yote, hata la wivu.

Aligeuka akanitazama. "Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu zilizopita Baba alikuwa anaona kwa lile jicho."

Akawasha gari, akanipeleka mpaka kwangu. Alisimamisha gari, akangoja nishuke. Hakufoka, hakutukana. Afadhali angetukana.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Ujumbe wake umeingia nusu saa iliyopita. Naunakili kama ulivyo.

"Sijakusamehe. Usinipigie. Baba nimemwambia ulichofanya, nimemwambia na habari ya mtu wenu aliyepotea. Kesho anamsomea baba yake dua, wajukuu watakuwepo wote. Anauliza mtu wenu aliitwa nani, amtaje na yeye. Anasema walilala kwenye kambi moja, haiwezekani aombewe mmoja peke yake."

Nimeusoma mara nyingi. Ningependa kuandika hapa kwamba wivu umeisha. Haujaisha. Sasa namwonea wivu kwa kuwa na baba kama huyo.

Nimemjibu kwa jina tu, nikiliandika taratibu, nisikosee hata herufi, kwa sababu huko Ujiji kuna mzee atakayelisema kwa sauti mbele ya watu: Mkuzo Nyoni, wa Songea.

Jumatatu Zaituni anafungua saluni saa mbili. Nitakuwa kwenye benchi la wateja saa mbili kasorobo. Anaweza kunipita, anaweza kuwasuka wote na kuniacha mimi mpaka afunge. Nitakaa.