Pima Ikiwa Imewasha Taa

Baba Neema,

Ungeniuliza habari, ningejibu nzuri. Ndivyo tulivyolelewa. Hata siku tunakuzika watu walinisalimu, "Habari za hapa?" nikajibu, "Nzuri," nami nipo mkekani sijiwezi.

Juzi Ijumaa nilifundisha kidato cha tatu ile kani ya betri inayosukuma umeme kwenye saketi. Niliwaambia kwamba betri isiyofungwa kitu, mita huonyesha kani yake yote. Ukiifunga taa, umeme ukaanza kutembea, namba inashuka, maana sehemu ya kani inaliwa na ukinzani wa ndani ya betri yenyewe. Na kadiri inavyochakaa ndivyo inavyozidi kujila. Hapo nikawapa mgongo. Nikajifanya natafuta chaki.

Nilikumbuka asubuhi ile kibandani kwako mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga ziwani, wavuvi wa dagaa wameleta betri za taa zao kuchaji. Nikapima moja kwa mbwembwe zangu za ualimu, nikasema, "Hii nzima." Ukacheka.

"Mwalimu, hiyo umeikuta imepumzika. Ifunge taa kwanza."

Tukaifunga, tukamimina chai. Taa ikafifia kabla hatujamaliza vikombe. Nilinuna mpaka nyumbani Buswelu, wewe ukinitania njia nzima.

Tangu uondoke, kibanda nakifungua mimi kabla ya vipindi, nakirudia baada ya vipindi. Mdogo wako huja kutoka Kisesa kila Jumapili. "Shemeji, kibanda hakikuelemei? Nikushikie?" Namjibu, "Aa, naweza." Niliogopa, mume wangu. Niliona nikitoa ule ufunguo nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Leo Jumapili amenikuta nimeinama juu ya betri, kuinyanyua siwezi, kuiacha sitaki.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Nimechoka, shemeji," nikasema. "Nimechoka sana."

Aliivuta ile betri akaiweka mezani, kisha akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Nikakaa kwenye kigoda chako, nikalia mchana kweupe mbele ya wavuvi, na hakuna aliyeniambia nijikaze.

Kesho anafungua yeye. Lala salama, Baba Neema. Leo na mimi nitalala.

Mkeo,
Mama Neema