Bibi Hakunitilia Kitu

Mpemba, Tunduma

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umeacha kuvimba, na mvua haijayaharibu maharage huko Ikinga. Mimi nipo. Nimekonda, lakini nipo, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi nimelala wiki nzima bila kushika tumbo.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Jambo hili nimeshindwa kulisema kwenye simu, Mama. Tena nataka lisomwe mbele za watu.

Unakumbuka tumbo lilivyonianza hapa yadi ya malori. Linajaa gesi, linanyonga, mara naharisha, mara siku nne sipati choo. Kazi yangu ni kuandikisha mizigo kabla magari hayajavuka kwenda Zambia, na dereva hana muda wa kumsubiri karani aliyekimbilia chooni. Wenzangu wakaniita Bwana Choo. Nilikuwa nacheka nao, kisha nakwenda kulia nyuma ya magunia.

Ndipo nikaenda kwa mganga mmoja wa hapa, aliyeninywesha mizizi miezi mingi. Akatazama kwenye beseni la maji, akasema anamwona mwanamke mzee wa upande wa baba, ananipa kitu cheupe. Nani mwingine, Mama? Bibi, mama yake Baba, ndiye anayenitunzia maziwa mgando kila nikija. Ee Mungu wangu, niliamini siku ileile.

Pasaka ya mwaka jana ulikuwepo. Bibi alikuwa ameweka kibuyu cha maziwa siku tatu, hataki mtoto yeyote akiguse. "Mume wangu amekuja!" akasema, kama anavyoniita tangu utoto wangu. Nami mbele ya baba wadogo wote nikasema sinywi, na sili tena nyumbani kwake, na yeye anajua sababu. Alikichukua kile kibuyu akanywa mwenyewe, polepole, mpaka kikaisha. Nikasema, bila haya, kwamba mtu hadhuriwi na dawa yake mwenyewe. Neno hilo lilitoka kwenye mdomo wangu huu huu.

Mwezi uliopita nilianguka pale yadini. Mwenye yadi, Mzee Salumu, mtu wa Kondoa, alinijia juu: "Kijana, umekunywa mizizi mpaka unataka kuota majani! Panda gari twende hospitali." Alinipeleka mwenyewe. Wakapima choo, wakapima damu, hakuna minyoo, hakuna kidonda. Daktari, mama mmoja mpole, akaniambia nitafute daftari niandike kila ninachokula na tumbo linavyokuwa baadaye. Nilipomweleza habari za Bibi hakunicheka. Aliuliza tu: "Na hapa Tunduma, hiyo chai ya maziwa ya kila asubuhi nani anakutilia kitu?"

Nikanunua daftari siku ileile, Mama, na neno la kwanza nililoandika ni chai.

Akaniachisha maziwa wiki mbili. Tumbo likatulia. Akasema sasa nijaribu kikombe kimoja. Nikanunua mwenyewe, nikachemsha mwenyewe, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimejikunja sakafuni. Pale chini nilikuwa namlilia Bibi, wala si tumbo. Daktari anasema tumbo langu haliwezi kusaga maziwa, maharage nayo yananisumbua, na utumbo wenyewe ni mwepesi kushtuka, hasa nikiwa na wasiwasi. Hali hii haiishi kabisa, ila ukijua vya kuacha unaishi nayo. Hakuna aliyenitilia kitu. Bibi alinipa kizuri kuliko vyote nyumbani mwake, basi.

Sasa Tupokigwe, huyu mdogo wangu, ameniambia kwenye simu kwamba siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa Bibi alipeleka sufuria ya ndizi, akarudi nayo kichwani ikiwa imejaa vilevile. Na kwamba yeye na wadogo zake wamekatazwa kula kwa Bibi. Mama, aliyewakataza ni wewe. Sikulaumu, ulimwamini mwanao. Lakini moto niliuwasha mimi, na wa kuuzima ni mimi.

Naomba hivi. Kwanza umsomee Bibi barua hii peke yake, kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake. Akisema acha, acha. Akikubali, mpe mchungaji aisome Jumapili baada ya ibada, na jina langu alitaje, na maneno ya mganga ayataje, asiruke kitu. Wacha waniite mjinga. Si ndivyo nilivyokuwa?

Ukishaipata, nipigie, nitaomba ruhusa nije. Nisalimie Tupokigwe na wadogo zake. Nisalimie baba mdogo, yule mkubwa wao, aliyeniambia Pasaka ile nifunge mdomo wangu, nami nikamwona mshamba. Mwambie alikuwa na haki ya kunizaba kibao.

Bibi mwenyewe sithubutu kumsalimu kwa karatasi. Akiuliza siku hizi mume wake anakula nini, mwambie ndizi za kuchemsha, maji na chumvi, bila maziwa. Asipouliza, usimwambie. Nitakuja na njaa yangu, nikae mlangoni kwake.

Mwanao,
Lusekelo