Nyumba ya Kumtosha Pushi

Mama Tumaini, mke wangu,

Hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia. Tangu tulipooana hatukuwahi kuachana muda wa kutosha hata nikahitaji stempu. Kila ulipovuka mpaka wa Tunduma kwenda kuwasalimu wazazi wako, ulikuwa unarudi kabla mboga uliyoniachia haijaisha chunguni. Sasa umekwenda mahali ambako siwezi kukufuata kwa baiskeli, na habari za nyumbani zimenijaa kifuani. Nimeona niziandike.

Nianze na lile ambalo ungeliuliza hata kabla ya kuniuliza mimi kama nimekula. Habari za Pushi, paka wako. Kaa kitako, maana ni ndefu.

Siku ile tulipokulaza mkekani, akina mama wakiwa wamekuzunguka na wimbo umeanza, Pushi alipenya katikati ya miguu yao. Akapanda kifuani pako, akajizungusha, akalala. Wimbo ulikatika. Wengine walikimbilia nje. Rahabu, dada yangu, ambaye alikuwa ameshuka kutoka kwetu milimani, Ibaba, kunisaidia kukuuguza, alimpigia kelele atoke, lakini wewe unajua jinsi kelele zinavyompita yule. Ilibidi nije nimbebe mwenyewe. Alikuwa na joto, mke wangu, na wewe ulikuwa baridi. Sikuweza... Basi. Nilimpeleka chumbani nikamfungia.

Baada ya maziko ndugu zako walivuka wakaja kuchukua vitu vyako kama desturi inavyotaka. Sina kinyongo. Walifanya kwa heshima. Dada zako waligawana nguo, shangazi akachukua sufuria kubwa, kaka yako akafunga blanketi zako kwenye baiskeli. Alipofika mlangoni akamwona Pushi ameketi chini ya meza, mweupe vile, anamtazama. Akauliza, "Na huyu?" Kila mtu akaangalia pembeni. Mzee mmoja akasema, "Huyo mwachieni shemeji. Au atiwe guniani apelekwe mbali."

Kila ulichokigusa kilipata mtu wa kukitaka, isipokuwa yeye. Pale pale nilikata shauri. Nikasema mbele yao wote, "Huyu hatoki nyumbani kwangu."

Najua utacheka. Mimi niliyekuwa nikimwita mharibifu! Unakumbuka ulivyonieleza mara ya kwanza kwamba ni kiziwi? Kifuniko cha chungu kilianguka karibu na kichwa chake naye akaendelea kulala. Ukaniita kutoka dukani, ukanipigia kifuniko tena na tena, ukasema, "Baba Tumaini, huyu dunia yake iko kimya." Mimi nikasema paka wote ni wakaidi. Tangu hapo hukumruhusu kutoka, kwa sababu ya malori na mbwa wa kule kwenye kizuizi cha mpakani. Ulikuwa unampigia mguu sakafuni naye anageuka. Niliyaona hayo yote kila siku na sikuyatilia maanani.

Ulipoondoka akaanza kulia. Asubuhi, mchana, kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia. Majirani wakasema nyumba ya fundi viatu ina mgeni asiyeonekana. Akakwaruza kiti changu mpaka nyuzi zikaning'inia. Akaichana ngozi niliyokuwa nimemkatia mteja wa Ndola. Akachafua kitanda cha Rahabu. Na Rahabu, ambaye alikuwa ameacha shamba lake ili nisile kwa majirani, alikuwa akimwogopa tangu ile siku ya mkeka. Siku moja alikuwa anaepua maji ya moto, akageuka, Pushi yuko nyuma ya kisigino chake. Rahabu hakuwa amesikia hatua zake. Sufuria ikamponyoka, maji yakamuunguza mguu.

Nilimpaka mafuta, nikamfunga kitambaa. Hakulia. Alingoja nimalize, ndipo akasema, "Kaka, nimekuja kukutunza wewe. Katika nyumba hii mmoja wetu ataondoka, mimi au huyo. Chagua."

Dada yangu hakuwa na kosa. Nikasema, "Nipe nafasi niipange nyumba."

"Nyumba inapangwa kwa ajili ya watu," akasema.

"Hii itapangwa kwa ajili ya wote."

Nikaanza kwa kujivuna. Mimi si fundi? Nikachonga sanduku zuri, nikalitandika ngozi laini ndani, nikaliwekea kifuniko na mlango wa duara. Ungelipenda. Nililiweka kwenye kona ya giza ambako hakuna wa kumsumbua. Pushi akalinusa, akaingiza kichwa, akatoka kinyumenyume, akaenda kulala juu ya gunia la ulezi. Rahabu alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza humu ndani tangu kuondoka kwako, na nilikipokea ingawa kilikuwa cha kunicheka mimi.

Basi nikaacha nyundo nikaanza kumtazama. Nilifunga duka nikaketi sebuleni kama mgonjwa. Nikaona kwamba kila anapokaa anatafuta ukuta wa kuegemeza mgongo, na macho anayaelekeza mlangoni. Asiyesikia mlango ukifunguka lazima auone. Mimi nilikuwa nimemjengea shimo! Nikachukua mbao za lile sanduku nikazifanya rafu, nikaipigilia juu ukutani kuelekea mlango, na vipande vingine viwili chini yake kama ngazi. Alipanda mara moja akateleza, maana nilikuwa nimeupiga msasa ubao mpaka unang'aa kama meza ya bomani. Hakurudi tena mpaka nilipoupigilia gunia kuukuu. Hapo akapanda, akajikunja, akalala usingizi ule mzito, tumbo juu. Na kile kilio cha mchana kikapungua.

Kucha nazo zilikuwa na somo lake. Nilimwekea kigogo kifupi. Akakiegemea kikaanguka, na kuanzia hapo akawa anakizunguka kwa mbali. Nikatafuta mti wa mkaratusi mrefu kuliko yeye akijinyoosha, nikauchimbia kabisa kwenye sakafu, nikauzungushia kamba ya mkonge ambayo madereva hufungia mizigo. Kwanza niliuficha nyuma ya mlango. Hakuugusa. Nilipokubali aibu nikaung'oa nikauchimbia katikati ya sebule, pembeni ya kile kiti alichokichana, akauvamia siku ile ile. Wageni wakiingia wanauliza hiyo ni nguzo ya nini. Nawaambia.

Choo chake nilikitengeneza kwa debe la mafuta ya taa. Nililikata kwa urefu nikapondaponda makali yote yasimkate. Nikalitia majivu, kwa kuwa majivu hayana gharama. Rahabu akakuta nyayo za kijivu zimepanda kitandani kwake zikashuka upande wa pili. Sirudii aliyosema. Nikaleta mchanga wa mtoni. Bado alikataa, na nilikuwa karibu kukata tamaa, mpaka Rahabu mwenyewe, akiwa amenipa mgongo anachambua mboga, akasema, "Wewe ungekubali choo karibu na sahani yako?" Nikalihamishia kwenye kona ya ghala. Tatizo likaisha.

Ungeniona basi, mke wangu, mwanamume mzima nikikata vishada vya ngozi na kuvifunga kwenye fimbo, navivuta sakafuni, Pushi ananifukuza kuzunguka meza. Wateja waliponikuta hivyo sikusimama. Paka asiyetoka nje lazima apate pa kukimbia, la sivyo nguvu zake anazimalizia kwenye kiti.

Lakini hofu ya Rahabu ilikuwa palepale. Kila alipopika alikuwa anageuka nyuma. Nikawaza sana juu ya hilo. Halafu nikachukua kipande cha ngozi ya mbuzi, nikakilainisha kwa mafuta mpaka kikawa kama kitambaa, nikashona mkanda wa shingoni wenye nafasi ya vidole viwili. Mahali pa kuungia sikutia kifungo. Nilitia uzi mwembamba, ili akinasa mahali ukatike yeye abaki salama. Juu yake nikafunga njuga.

Rahabu akanitazama kama mtu aliyepotewa na akili. "Kiziwi unamvisha njuga?"

Nikamwambia, "Njuga si yake. Ni yako. Asikutokee tena bila wewe kujua."

Alirudi jikoni. Ila jioni ile nilimsikia anasema peke yake, "Haya, nimekusikia, pita."

Sasa sikiliza lililotokea. Nilikuwa dukani nashona soli za mtu anayesafiri kwenda migodini. Jirani alikuwa amekuja kuomba moto, akatoka akauacha mlango wazi. Rahabu alikuwa uani anatwanga. Akasikia njuga, lakini upande usiokuwa wake, upande wa barabarani. Aliponisimulia baadaye alisema mchi aliuacha ukiwa bado hewani.

Mimi nilisikia honi. Nikainua kichwa. Lori lililojaa magunia lilikuwa linateremka kutoka Mpemba, na katikati ya barabara, kwenye vumbi, Pushi ameketi analamba mguu. Mgongo ameupa lori. Dereva anapiga honi, anapiga honi tena, naye analamba mguu. Nilisimama na kiatu cha mtu mkononi. Nakwambia ukweli, sikutoka. Nilikuona wewe pale mkekani.

Rahabu ndiye aliyepita mbele yangu. Kwa ule mguu wake uliokuwa bado haujapona vizuri! Alisimama barabarani mikono juu, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, akapaza sauti, "Simama! Hasikii huyo! Hasikii!" Breki zililia. Lori likasimama karibu naye kiasi kwamba alinyoosha mkono akaugusa uso wa chuma wa lori, nadhani ili asianguke. Dereva akatoa kichwa akaanza kumtukana kwa Kibemba. Rahabu akamjibu kwa Kindali cha kwetu, maneno ambayo mama yetu angemchapa. Kisha akafanya jambo ambalo sikujua kama alikuwa anaweza kulifanya. Hakumkamata Pushi kwa kumshtua. Alimzunguka hadi mbele, akachutama mahali pa kuonekana, akapiga ardhi kwa kiganja. Pushi akainua macho. Akaja mwenyewe.

Alimbeba kifuani mpaka ndani. Aliponipita akasema, "Kaka, unaona ulivyotengeneza mambo ya ndani yote ukasahau mlango?"

Siku ile ile niliweka komeo juu na chini, na mlango wa pili mfupi wa mbao ili anayeingia afunge mmoja kabla ya kufungua mwingine. Dirishani nimeweka wavu wa waya, na chini yake ubao mpana. Hapo ndipo anapoota jua asubuhi na kutazama malori yakipita kwenda na kurudi. Anayatazama tu. Rahabu humwekea kipande cha dagaa pembeni, halafu ananiambia mimi ndiye ninayemdekeza.

Wiki hii kaka zangu wameleta ujumbe kutoka Ibaba. Wanasema mgane hana sababu ya kukaa mpakani peke yake, niuze nyumba nirudi milimani, kuna uwanja wa kujenga na kuna mke wameshaniangalizia. Walimwambia Rahabu anishawishi. Nilimuuliza anaonaje. Akaniambia, "Mwambie anayekwenda huko kwamba vitu vya nyumba hii havibebeki." Nami nimewapelekea jibu kwamba sitoki Tunduma. Kaburi lako liko hapa, kazi yangu iko hapa, na nyumba hii mimi na dada yangu tumeihangaikia mpaka ikatutosha wote. Rahabu ameagiza mbegu zake za maharage ziletwe. Ameshalima nyuma ya ghala bila hata kuniuliza.

Tumaini atakuja mvua zikikatika, na mjukuu wako mgongoni. Mtoto ameshaanza kutambaa, wanasema, na anashika kila kitu. Nitalazimika kuinua baadhi ya mambo na kushusha mengine, nianze upya kupima na kutazama. Sawa. Nitapima.

Nakuaga sasa, mama wa mwanangu, maana mwanga unapungua na mkono umechoka kwa kalamu kuliko unavyochoka kwa sindano. Nakuahidi hili: shangwe au kilio, mvua au kiangazi, wasiokuwa na wa kuwataka watapata nafasi katika nyumba yako maadamu mimi ndiye mwenye nyundo. Pumzika. Usiwe na wasiwasi nasi.

Ni mimi mumeo,
Baba Tumaini