Barua Nisiyoiandika

Nachingwea, 4 Februari 2008

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila nawaza mgongo wa mama. Kiwandani mambo yamenigeukia. Unamkumbuka Teodosia, tuliyekuwa tunapanga korosho naye meza moja? Alipopata mimba, msimamizi wetu Agapiti alimfukuza, akaandika kuwa ni mvivu. Teodosia akapeleka shauri tume ya usuluhishi, Lindi, akanitaja kuwa shahidi. Nikaenda, nikasema nilichokiona.

Wiki ile ile nikahamishiwa kwenye kubangua. Mafuta ya maganda yananibabua vidole. Glavu wanapewa wengine. Nikikaa, wenzangu wanahama benchi. Agapiti ananiambia, "Mlango uko wazi, Mwanawetu." Nikitoka, watasema nimeacha mwenyewe. Nimefungua shauri langu pia, litasikilizwa Aprili. Mpaka hapo sina pa kutokea.

Mwanao,
Mwanawetu

Matambarale, 16 Machi 2008

Mwanangu Mwanawetu, marahaba.

Sisi hatujambo, mama anainuka vizuri. Mwandishi ni Mwalimu Saturnini, kama siku zote.

Nimekutoa huko! Jumanne alikuja Bwana Agapiti na gari, mpole kabisa, akaniamkia. Akasema vidole vyako vimeumia, kampuni inataka kukupumzisha, ila lazima mzazi aridhie. Mwalimu alikuwa Ruangwa kwenye semina. Nikatia dole gumba kwenye karatasi aliyoileta. Mama yako amefurahi sana. Njoo, ufuta umeota vizuri.

Baba yako,
Yunusi

Nachingwea, 2 Aprili 2008

Baba, shikamoo. Mama hajambo?

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nashindwa. Karatasi ile ni barua ya kuacha kazi. Imeandikwa kwamba unaniombea niache nikamuuguze mama, na kwamba umejua ushahidi wangu ulikuwa wa uongo. Getini nimezuiwa. Tarehe 21 wataitoa kwenye shauri, Lindi.

Nikisema barua ni ya uongo, nimekuita mwongo mbele za watu. Nikinyamaza, shauri limekufa. Nifanye nini, baba?

Mwanao,
Mwanawetu

Matambarale, 9 Aprili 2008

Mwanangu, marahaba.

Mwalimu amenisomea mara mbili. Ya pili nilimwomba apaze sauti, nikidhani sikusikia. Mama yako hanisemeshi tangu juzi.

Nakuja Lindi. Kiswahili cha ofisini kinanishinda, lakini wakipata mtu wa kutafsiri Kimwera nitawaambia: dole ni langu, maneno si yangu. Usinionee aibu. Kosa nimelifanya mimi, acha nikaliseme mwenyewe.

Baba yako,
Yunusi

Nachingwea, 12 Julai 2008

Baba, shikamoo. Natumaini ulifika salama safari ile na miguu imepoa.

Uamuzi umetoka. Wamesema barua ile si kitu, na kwamba niliadhibiwa kwa kutoa ushahidi. Maneno yako yameandikwa vilevile ulivyoyasema. Niliyasoma nikacheka peke yangu barabarani, watu wakanitazama.

Halafu nikafika mwisho wa karatasi: nirudishwe kazini. Nilikuwa nimeomba hivyo mwenyewe, Aprili, waliponizuia getini, nikiwa na hasira. Teodosia naye ameshinda, lakini hakutaka kurudi. Amekwenda kwao Marambo na mtoto. Mimi nimeitwa Jumatatu. Agapiti bado ndiye msimamizi. Jana tulikutana sokoni, akaniambia kwa upole, "Karibu tena nyumbani."

Nisiporipoti, nitakuwa nimeacha kazi, na safari hii itakuwa kweli.

Mwambie mama tumeshinda. Geti linafunguliwa saa moja asubuhi.

Mwanao,
Mwanawetu