Chombo Ambacho Hakikupita

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wifi na wale watundu wenu wawili. Hapa tu wazima; Mama goti linamsumbua kidogo, ila ulimi haujambo. Usishangae kupata barua badala ya simu. Unamjua Baba, akisikia ni wewe anainyakua simu na kuiweka spika, na haya sitaki ayasikie.

Darubini uliyomtumia ilifika. Ameitundika kwenye msumari sebuleni na hajaigusa, nami nikadhani ni maringo yake tu. Jioni bado tunapanda juu ya paa, baada ya mimi kumsomea kwenye simu saa na upande ambao kituo cha anga kitatokea. Unakumbuka alivyotufundisha: kinachopepesa taa ni ndege, kinachokwenda taratibu bila kupepesa ni chombo cha angani. Majuzi alinyoosha kidole akasema kituo kile pale. Kaka, ilikuwa ndege, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima! Baba yetu kukosea hilo?

Kazini bado ndiye Mzee wa Juu, anaendesha winchi, nami chini nafunga mizigo. Juzi mzigo wa nondo ulishuka pembeni ya alama, ukampitia fundi mwashi karibu na sikio hadi kofia ikamtoka. Baba akasingizia upepo. Hapakuwa na upepo. Tangu hapo nafanya kazi roho mkononi, nikijua siku yoyote Baba ataua mtu, na huenda mtu huyo ni mimi.

Basi jana nikamfanyia jambo ambalo sijamweleza yeyote. Nilimdanganya. Nilimwambia kituo kitatokea upande wa machweo giza likianza kuingia, ilhali jana hakikuwa kinapita kwetu kabisa. Anga lilikuwa safi. Baba alingoja kidogo, akanyoosha kidole mahali pasipo na kitu, akaanza kukifuata polepole huku akinisimulia kinavyong'aa, mpaka akasema haya, kimeshaingia kwenye kivuli cha dunia. Nikamjibu ndiyo Baba, nimekiona. Kisha nikashuka, nikajifungia chooni nikalia.

Leo asubuhi, kabla hajapanda winchi, nilimwendea msimamizi nikamweleza yote. Wamemzuia kupanda mpaka apimwe macho. Mama anamlaani yule fundi akidhani ndiye aliyemchongea, na sijamsahihisha.

Nilidhani jioni hatapanda paani. Alipanda, na kituo kilipita kweli. Safari hii hakunyoosha kidole. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama cha leo kipo, au ni kama cha jana.

Nikamwambia kipo, Baba. Nikaushika mkono wake, nikauelekeza.

Njoo, Kaka, usikawie. Nisalimie wifi, na watoto uwabusu.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba wa Mzee wa Juu