Picha Yenye Meno Yote

Alhamisi, Aprili 1989. Jioni, kabla ya chakula.

Leo Kisumu imewaka joto la kukaanga dagaa wa omena bila jiko, halafu saa tisa mvua ikashuka kwa hasira, halafu jua tena. Nimepita katikati ya hayo yote kwa miguu, kutoka Milimani mpaka Kibuye, kutoka Kibuye mpaka nyumbani, na sikuona chochote. Moyo umelowa kuliko shati.

Nimeharibu. Ngoja niandike polepole.

Daftari hili linanijua. Mimi ndiye mwigizaji mkubwa kupita wote kutoka Port Victoria mpaka Homa Bay, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu hakuna mwingine anayejitokeza kusema. Kule Port Victoria niliigiza maiti vizuri mpaka mama mmoja mwenye karai la samaki akaanza kuomboleza, soko lote likamfuata, na kufika jioni ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Niliamka nikala nyama ya msiba wangu mwenyewe. Walioona wako hai, waulizwe.

Lakini watu wakishatawanyika, hakuna kinachobaki. Miaka ishirini ya kulia na kucheka mbele ya umati, na hakuna kitu ambacho mtoto wangu anaweza kumwonyesha mtoto wake akasema, huyu hapa. Ndiyo maana nimeitaka sana filamu hii ambayo watu wa ng'ambo wamekuja kuitengeneza hapa Kisumu. Nina miaka arobaini na tisa. Sidhani watu wengine wa ng'ambo watakuja tena kutafuta nyuso huku ziwani nikiwa bado na magoti.

Mpwa wangu Akinyi, binti wa dada yangu, ndiye anayewapigia watu hao wa filamu barua zao taipu katika nyumba waliyokodi Milimani. Wiki jana aliniambia vizuri kabisa: "Anko, hawa hawaangalii watu. Wanaangalia picha tu. Leta uso, kutoka karibu, vile ulivyo. Na usivae koti ya watu."

Vile nilivyo! Nilicheka. Nani anaenda studio vile alivyo?

Nikaazima koti la shemeji, nikaenda Kibuye kwa Bwana Odhiambo, fundi wa picha. Kwanza tulibishana juu ya viatu. "Mzee, picha bila viatu ni ya kitambulisho ama ya polisi," alisema. "Watu watafikiria umekatwa miguu." Nikamwambia hao wageni wanataka kichwa peke yake. Akasikitika, akasogeza kamera. "Haya basi, cheka." Nikaachilia kile kicheko changu cha jukwaani, kile ambacho kiliwahi kung'oa bati la kanisa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nataka iandikwe kwamba kosa si la Odhiambo.

Mimi ni mmoja wa Wajaluo wa mwishomwisho kung'olewa meno sita ya chini, kama mila ilivyotaka. Sikutoa hata chozi. Mzee aliyening'oa alisema hajaona mtoto wa namna hiyo, akataka kunipa binti yake siku hiyohiyo. Lakini siku hizi vijana wa mjini wakiona pengo hili wanauliza kama nilipigwa baa. Basi nikamwinamia Odhiambo sikioni, nikamwambia, omera, ndugu yangu, nipake meno kwenye picha. Wazee wengi humwomba hivyo. Anachukua brashi nyembamba kama unyoya, anayapanda kwa rangi juu ya picha, moja baada ya jingine. "Nikuondolee na mikunjo ya macho?" akauliza. Nikasema ondoa yote.

Picha ikatoka. Mtu mzuri sana. Nilimpenda. Nikampa Akinyi ampeleke Milimani.

Leo asubuhi Akinyi akanipokea langoni Milimani, macho yamemtoka. Kumbe mama anayesimamia filamu anatafuta mzee wa kuwa babu, yule ambaye hadithi yote inamzunguka, na sharti la kwanza ni kwamba awe hana meno sita ya chini. Wamemtafuta ufuo mzima. Alipofika kwenye picha yangu alisema uso ni mzuri, pole, lakini huyu ana meno yote. Akaiweka upande wa waliokataliwa.

"Nikamwambia Anko wangu hana hayo meno!" Akinyi alisema. "Akaniambia, picha inasema anayo. Kwani Anko, ulifanya nini?"

Nikamuuliza kama bado naweza kuleta picha nyingine.

Akasema ndiyo, lakini bahasha ya picha zilizochaguliwa inaondoka kwenda ng'ambo kesho saa nne asubuhi. Nikakimbia Kibuye kutafuta picha isiyopakwa, nikakuta kufuli. Odhiambo amekwenda Siaya kumzika shangazi yake, atarudi Jumatatu.

Nikarudi nyumbani nikamwaga sanduku la picha kitandani. Harusi yangu. Ubatizo wa watoto. Mimi na taji la kadibodi, mimi mkoloni, mimi daktari wa malaria. Nimezipitia zote mara mbili.

Hakuna hata moja ambamo nimefungua mdomo.

Nimejificha miaka yote hii, na mimi mwenyewe sikujua.

Mke wangu alisimama mlangoni akaniangalia nimekaa katikati ya picha. "Baba Akoth," akasema, "siku ulipokuja kuniposa hilo pengo lilikuwa hapo. Mimi nilikuwa naliona." Kisha akarudi jikoni kugeuza ugali.

Kuna jamaa mmoja kule Dunga anayewapiga wageni picha na kamera inayotema picha papo hapo. Kesho kukipambazuka nitakuwa mbele yake. Nimeamua.

Lakini sasa hivi nimejaribu mbele ya kioo. Nimecheka mara tano. Mara zote tano mkono wa kulia umepanda wenyewe, ukafunika mdomo.

Je, nitaweza kuuzuia kwa muda wa picha moja tu?