Collins au Sutton

Landover, 2 Machi 2025

Kwako Mama,

Umeamkaje huko? Na kile kifua, bado kinakusumbua asubuhi? Sisi wazima. Mkweo Mutai bado anafanya kazi ghala lile lile, mimi miguu imevimba mpaka navaa viatu vyake. Naandika kwa sababu kwenye simu tunalia tu, halafu inakatika.

Daktari anasema ni msichana, Mama. Tumebaki na majina mawili, Collins na Sutton. Usishtuke. Huku Marekani siku hizi wasichana wanapewa majina ya ukoo wa watu, ndiyo fasheni. Nataka mwalimu akimwita darasani asikwame. Mimi kazini wameniandika Jerry kifuani, Jerotich yote iliwashinda. Aliyeiweza ni mmoja tu, Bi Sutton, yule mzee niliyekuwa nikimwogesha kule Springfield, aliyefariki Januari. Lakini jina sikulichagua kwa ajili yake. Linapendwa tu. Mutai anataka Collins. Wewe wasemaje?

Mwanao,
Jerotich


Kapsabet, 27 Machi 2025

Jerotich mwanangu,

Kifua kimenyamaza, ng'ombe mwekundu amezaa, mvua bado inatuchezea. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu kama kichaa.

Collins ni yule kijana wa Leokadia anayepita na maziwa kwa pikipiki. Ana ndevu! Nikimwita mjukuu wangu atakuja yeye na mitungi yake. Na huyo Sutton ni baba wa nani?

Jina la karatasi chagueni wenyewe. Lakini la ndani halichaguliwi, unajua. Mtoto ni mtu wetu aliyerudi. Anaitiwa majina ya marehemu mpaka apige chafya, ndipo tujue nani amekuja. Wewe ulitusumbua tukaita mpaka jua likazama. Mahali pangu palikuwa hapo kando ya kitanda chako, na sipo. Basi ita wewe: Tapsubei, Kobilo, Tamining. Ugoro usimtie puani, mapafu bado machanga. Mguse pua kwa unyoya wa kuku.

Asipopiga chafya nitamjuaje? Nitakuwa na mjukuu wa picha.

Mama yako


Landover, 18 Mei 2025

Mama mpendwa,

Samahani kwa kimya, na natumaini kifua hakijarudi. Amezaliwa tarehe tisa. Paji la uso ni lako kabisa.

Siku ya nne alikuja Bridget, jirani yetu muuguzi, mtu wa Kericho, tuite pamoja. Unyoya wa kuku huku utoe wapi? Kuku wote wamo kwenye friji! Tukachomoa mmoja kwenye mto wa kulalia. Tapsubei, kimya. Kobilo, akapiga miayo. Tamining, akalala.

"Rudia," Bridget akasema. Tukarudia mpaka sauti ikanikauka. Nikaanza kulia, nikiwaza neno lako la mjukuu wa picha.

Mutai alikuwa mlangoni na karatasi ya hospitali. "Jamani, hii inatakiwa kesho. Collins nimemwachia yule wa maziwa. Niandike Sutton?"

Mtoto akapiga chafya. Mara mbili.

"Haki ya nani!" Bridget akaruka. "Huyo wa ukoo gani?"

"Ni vumbi la mto," Mutai akasema, lakini jina akaliandika papo hapo.

Mama, sikukwambia yote. Bi Sutton aliwahi kuniuliza Jerotich ni nini. Nikamwambia ni aliyezaliwa jioni ng'ombe wakirudi. Tangu siku hiyo, jioni magari yakijazana pale kwenye makutano ya barabara, ananivuta dirishani: "Jerotich, ng'ombe wako hao wanarudi." Miaka miwili, kila jioni. Nami nilikuwa naona boma letu, nakuona wewe umeshika fimbo.

Si damu yetu, najua. Karatasi imeshaenda na Sutton. Nimekosea? Utamkataa?

Jerotich wako


Kapsabet, 10 Juni 2025

Mwanangu,

Mnyonyeshe, ule uji, usibebe maji. Mimi niko vizuri.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Shangazi yako anasema jambo hili halijawahi kutokea. Nikamwambia, na mtoto wetu kuzaliwa Landover, kuliwahi?

Lakini Sutton ni ukoo. Ukoo haurudi, anayerudi ni mtu. Huyo mama mwenyewe aliitwa nani?

Mama


Landover, 29 Juni 2025

Mama,

Sote wazima, anashiba na kulala. Aliitwa Cheryl. Sikuwahi kumwita hivyo, alikuwa mkubwa wangu. Leo nimelitamka mara ya kwanza, kwa mtoto, akaacha kunyonya akanitazama.

Jerotich


Kapsabet, 20 Julai 2025

Jerotich, na wewe Cheryl wangu,

Hamjambo nyote wawili? Mvua imekuja, nyasi zimefika magotini.

Jana jioni nilitoka na kibuyu cha maziwa mpaka langoni. Nikamwaga kidogo, nikamwita Cheryl mara nne. Kiingereza sina, Kinandi hana, kwa hiyo nilimsemesha Kiswahili. Nikamwambia karibu, pole na safari, umetoka mbali, na asante kwa kunitunzia mtoto.

Ng'ombe walikuwa wanaingia. Nikasogea kando, awaone vizuri, hawa wenye miguu.

Nyanya wa Cheryl